Mtoto wa Madame Freda

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mama yangu mzazi aliniuza kwa bibi kizee mmoja wa Kiyahudi. Ilikuwa Ijumaa, saa kumi kasoro robo alasiri, jikoni kwa huyo bibi, na bei yangu ilikuwa sarafu moja. Nikisimulia habari hii watu hucheka kwanza, halafu huniuliza kwa sauti ya chini kama tulikuwa na njaa. Hatukuwa na njaa. Baba alikuwa na kazi, mama alikuwa na kazi, na mimi nilikuwa na kifua kibovu. Niliuzwa kwa sababu ya kifua.

Tuliishi Umbilo, hapa Durban, ghorofa ya pili ya jengo lililojaa watu wa kwetu, Wakongo wa Kivu. Baba alikuwa akifanya zamu kwenye ghala moja huko Mobeni. Mama alikuwa ametoka Uvira akiwa na mimba yangu, na nyuma yake alikuwa ameacha makaburi mawili madogo. Watoto wawili walinitangulia na wote walikwenda kabla ya kuota meno. Mimi ndiye niliyekaa. Kwa hiyo jengo zima lilimwita Mama Sifa, kwa jina langu, na jina lake mwenyewe, Espérance, lilibaki kwenye karatasi za ukimbizi tu. Hata baada ya mdogo wangu Daudi kuzaliwa, aliendelea kuwa Mama Sifa. Kutwa nzima ngazi zilikuwa zikiliita jina hilo: Mama Sifa, nigawie chumvi, Mama Sifa, maji yamekatika, Mama Sifa, kuja uone. Nilikua nikidhani mama ni wangu kwa sababu kila mtu alikuwa anasema hivyo.

Huyo bibi tulimwita Madame Freda. Alikaa peke yake kwenye fleti huko Glenwood, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kupandisha kilima, na mama alimfanyia usafi na kupika siku tatu kwa wiki, Ijumaa ikiwemo. Alikuwa mfupi, mwenye ulimi mkali, na alikuwa amekula chumvi nyingi. Siku ya kwanza aliponiona alisema nina macho mazuri, kisha akatema mate hewani mara tatu, tfu, tfu, tfu. Nilidhani nimemchefua. Mama ndiye aliyefurahi. Njiani kurudi nyumbani aliniambia kwamba hatimaye amekutana na Mzungu mwenye akili, anayejua kwamba mtoto hasifiwi hivi hivi.

Ijumaa nilikuwa nikitoka shule na kumsubiri mama huko kwa Madame. Kulikuwa na mikate miwili iliyosukwa, imefunikwa kitambaa, na dirisha la jikoni lilifungwa hata wakati wa joto, kwa sababu tumbili wa Glenwood waliijua ratiba ya Wayahudi kuliko mimi. Waliwahi kuondoka na mkate mzima, na Madame akawatukana kwa lugha ambayo hakuwahi kunitafsiria. Kabla jua halijazama alikuwa akiwasha mishumaa minne. Miwili, alinieleza, ni ya sheria. Wa tatu ni wa Leon, mwanawe aliyekuwa daktari wa meno Sydney. Wa nne ni wa Rina, bintiye aliyekuwa Toronto. Alizungusha mikono juu ya moto mara tatu kama anayevuta mvuke wa chungu, akafunika uso, akasema maneno machache ya Kiebrania, halafu akakaa kimya muda mrefu huku midomo ikicheza.

Siku moja nilimuuliza anasema nini pale kwenye kimya.

"Kwanza namshukuru Mungu," alisema. "Halafu namsumbua."

"Unamsumbua nini?"

"Leon apunguze kiburi. Apate mke anayejua kupika, na kama hajui kupika basi ajue kucheka. Rina apate mtoto. Wote wawili wafuate njia ya kweli hata kama hakuna anayewaona." Alifikiri kidogo. "Na wapige simu."

Sasa kwa kuwa nami ni mama, naona kwamba aliifupisha orodha ili nielewe. Wakati ule nilishangaa tu kwamba mtu mzima anaweza kumwomba Mungu habari ya simu. Mama yangu kanisani alikuwa akiomba kwa kelele, mkono juu, kama mtu anayegombana na mwenye nyumba. Lakini Ijumaa alikuwa akisimama kwenye mlango wa jikoni, taulo ya vyombo mkononi, asiseme neno mpaka Madame afunue uso.

"Ule mama anaomba muzuri," aliniambia siku moja. "Anaomba kama mutu mwenye anajua mulango iko wapi."

Mwaka huo, baridi ilipoingia mwezi wa sita, kifua changu kiliniangusha mara tatu. Nilijifunza kukaa kitandani nimeinama mbele, mikono magotini, nikivuta hewa ambayo haikutaka kuvutwa. Mara ya tatu nililazwa siku tano. Nilipotoka, mama alikuwa amekonda kuliko mimi. Ijumaa iliyofuata alifika kwa Madame, akaanza kumenya viazi, na katikati ya kiazi akalia. Akamweleza Madame, kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, habari ya makaburi mawili ya Uvira, ambayo alikuwa hajawahi kumweleza.

Madame Freda hakumpa pole. Alivuta kiti akamuuliza, "Je, umeshamuuza huyu?"

Akasimulia kwamba huko nchi ya baridi walikotoka wazee wake, bibi yake naye alizika watoto. Aliyefuata alipougua, alimuuza kwa jirani ambaye watoto wake wote walikuwa hai. Malaika wa mauti alipokuja kumtafuta mtoto wa fulani, hakumkuta, kwa sababu mtoto huyo hakuwepo tena. Kulikuwa na mtoto wa jirani. "Yule mtoto alikuwa baba yangu," Madame alisema. "Alikufa na miaka themanini na moja, akilalamikia supu."

Mama aliacha kumenya. Kwao Uvira jambo hili lilijulikana sana. Mwanamke aliyefiwa alikuwa akimweka mtoto mchanga kando ya njia, jirani anapita, anajifanya ameokota kitu, kisha mama anakuja kumnunua kwa kuku, kama mgeni. Mama hakufanya hivyo nilipozaliwa kwa kuwa alikuwa ameokoka, na mchungaji wake aliyaita hayo mambo ya giza. Na sasa giza hilo lilikuwa limekaa mbele yake, limevaa miwani, tena la ukoo wa Musa.

Jumapili alimwendea mchungaji wetu baada ya ibada, nami nikiwa nimeshika sketi yake. Hakumuuliza swali lenyewe. Alimuuliza hivi: "Pasteur, desturi ya watoto wa Ibrahimu iko mubaya?"

"Hapana, mama," alijibu mchungaji, akiwa tayari anamsalimia mtu mwingine. "Wale ni mizizi. Sisi ni matawi ya kupachikwa tu."

Mama hakuuliza zaidi. Anayetafuta ruhusa hujua pa kukomea kusikiliza.

Basi Ijumaa iliyofuata niliuzwa. Ilibidi iwe kabla ya mishumaa, maana ikishawaka Sabato imeingia na Madame hagusi fedha. Nilisimamishwa kati yao jikoni. Madame alimtaka mama ataje jina lake kamili, lile alilopewa na wazazi, na nilimsikia mama akilitamka kwa aibu, kama mtu anayeonyesha nguo ya ndani. Madame alieleza kwamba kwao mgonjwa huombewa kwa jina la mama yake. Tangu leo angeniombea kama Sifa binti Freda, na Espérance asitajwe popote. Akampa mama sarafu ya five rand. Mama akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Huyu sasa ni wangu," alisema Madame. "Wewe unanilelea tu. Usimwite mwanao."

"Ndiyo, Madame."

"Leo nitalala wapi?" niliuliza.

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliokuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa nimeuliza kwa dhati. Kisha Madame akawasha mishumaa, na safari hii ilikuwa mitano.

Kuna jambo moja hawakuliulizana, na hapo ndipo kosa lilipofanyika. Kwao Uvira mtoto hununuliwa tena akishapona. Kwa wazee wa Madame hukombolewa siku ya kuamkia harusi yake. Kila mmoja alidhani desturi ya mwenzake ni ile ile ya kwao, kwa kuwa sehemu nyingine zote zilifanana. Mama alihesabu miezi miwili, mitatu. Madame alihesabu miaka ishirini. Wakapeana mikono kwa furaha kabisa.

Mama hakuwa mtu wa kufanya jambo nusu. Jioni ile ile alipita mlango kwa mlango katika jengo letu kuomba asiitwe tena Mama Sifa. "Muniite Mama Daudi," alisema, bila kueleza sababu. Majirani walidhani nimefanya jambo la aibu. Wengi walisahau, wakaendelea kupaza sauti ngazini, na mama akaacha kuitika. Nakumbuka nimekaa mlangoni, jirani wa chini anaita Mama Sifa, Mama Sifa, mara tano, mama yuko hatua mbili kutoka kwangu anakunja nguo, uso mkavu. Niliumia. Nilijua sababu, nilikuwepo, niliona sarafu, na bado niliumia. Daudi, aliyekuwa na miaka mitano, alijigamba kwa wiki mbili kwamba mama sasa ni wake peke yake, na hakuna mtu aliyemkanusha.

Alinilisha, alinisugua kifua kwa mafuta ya mkaratusi, aliniamsha kwenda shule. Ila lile neno mwanangu lilikoma. Niliitwa "mutoto wa Madame". Kanisani, ilipofika zamu ya kuombea watoto, nilimsikia akipaza sauti: "Bwana, umukumbuke mutoto wa bosi wangu." Wanawake waliokuwa karibu waliitikia amina, wakimsifu moyoni, bila shaka, kwa kuwapenda waajiri wake.

Nami nikapona. Ni lazima niseme hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa saba ulipita, wa nane ukapita, sikukohoa. Mimi leo ni mfamasia, nina duka la dawa Sydenham, na naweza kueleza: daktari alikuwa amenibadilishia dawa ya kuvuta, mama alikuwa ametupa zulia lililojaa ukungu, na baridi ilikuwa imekwisha. Sababu tatu, zote za kutosha. Mama alikuwa na moja tu na haikuwa yoyote kati ya hizo.

Mwezi wa tisa alifungua pindo la kitenge, akanivalisha gauni la kanisani, tukapanda Glenwood. Aliweka ile sarafu mezani akasema amekuja kunichukua.

Madame aliiangalia sarafu bila kuigusa. "Ana miaka tisa," alisema. "Anaolewa?"

"Amepona."

"Amepona kwa sababu ni wangu. Unataka kumwonyesha tena yule malaika wa mauti nyumba ilipo?"

"Kwetu mutoto akipona anarudi," mama alisema. Nilikuwa nimemzoea akimwitikia Madame kwa ndiyo, na sauti hii sikuwa naijua.

"Na kwetu mshumaa ukishaongezwa haupunguzwi. Nimewasha mitano. Ijumaa ijayo niwashe minne, nimwambie nini Mungu? Kwamba mmoja amekwenda wapi?"

Walibishana muda mrefu, kila mmoja kwa heshima, na hakuna aliyekuwa mwongo. Mwishoni mama alisema jambo ambalo nadhani lilikuwa la kweli kuliko yote na ambalo halikupaswa kusemwa. Alisema, "Madame, watoto wako bako mbali. Hawapigi simu. Sasa unataka kubakia na wangu." Alilisema kwa Kiswahili, ambacho Madame hakukijua. Lakini alimwona mama usoni, akaelewa kiasi cha kutosha. Akasimama akaenda kufunga dirisha, ingawa tumbili hawakuwepo.

Tulirudi na sarafu yetu. Mama hakuthubutu kunichukua kwa nguvu. Angefanya hivyo kisha nikaugua, angejibu nini? Alichofanya ni kubadilisha siku za kazi, akaacha kwenda Ijumaa, akaenda Alhamisi. Wakati wa mishumaa hakusimama tena kwenye mlango wa jikoni kule. Nilibaki mtoto wa Madame, bila Ijumaa za Madame, na nyumbani bado niliitwa mtoto wa watu.

Baridi ikarudi. Jumatano moja tulikuwa tunavuka Barabara ya Umbilo kwenye robot, kama taa za barabarani zinavyoitwa huku, ikiwa zamu yetu, na teksi moja ikakata kona bila kupunguza mwendo. Mama alinivuta kwa ukosi, na kilichomtoka kilisikika mpaka upande wa pili: "Mwanangu!"

Dereva alipiga honi, akapunga mkono, akaenda zake. Mimi nilikuwa mzima. Nilikuwa zaidi ya mzima, maana nilikuwa sijalisikia neno lile karibu mwaka. Nilimwangalia mama nikitabasamu, nikamkuta amefunika mdomo kwa kiganja, anatazama huku na huku kuona nani amesikia.

Ijumaa kifua kilinibana. Kilianza saa nane nilipotoka shule, na ilipofika saa kumi midomo yangu ilikuwa imebadilika rangi. Jirani mwenye gari alitukimbiza hospitali ya serikali, si ile ya mwanzo, nyingine iliyokuwa karibu zaidi. Kadi yangu ya hospitali ilibaki nyumbani juu ya kabati. Niseme haki: hawakuninyima hewa. Walinivisha barakoa ya mvuke kabla ya kuuliza chochote. Ila ilipofika kunipeleka wodini, nesi mmoja wa makamo, Mzulu, alikuja na fomu yake.

"Nani mama wa mtoto huyu?"

Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda ameshika mguu wangu. Hakujibu.

"Mama? Wewe ni mama yake?"

"Mimi namlea," mama alisema. "Mama yake iko Glenwood. Nitamupigia."

Akatoa simu akampigia Madame Freda. Niliisikia ikiita mpaka ikakata. Akapiga tena. Jua lilikuwa limeshazama, mishumaa ilikuwa imeshawaka, na simu ilikuwa inalia kwenye fleti ya mtu ambaye siku hiyo hagusi simu. Akapiga mara ya tatu, ya nne. Baba alikuwa zamu Mobeni, ambako simu huachwa getini. Akapiga mara ya sita.

"Eish, mama," nesi alisema, na hakusema kwa ubaya. "Watoto huletwa hapa na watu ambao si wazazi wao. Kama mama yake hayupo, wewe utabaki nje, na mimi nitamwita afisa wa ustawi wa jamii. Ni sheria. Karatasi zako ziko wapi?"

Ninataka kueleweka vizuri hapa. Mama yangu hakuwa amechanganyikiwa. Alijua fomu ni nini, alijua afisa anaweza kufanya nini kwa mkimbizi mwenye mtoto asiye wake. Lakini alikuwa na watoto wawili ardhini Uvira, na aliamini, kama ninavyoamini mimi kipimo cha dawa, kwamba Jumatano alitamka neno moja barabarani na Ijumaa jibu limekuja. Sasa alikuwa anatakiwa alitamke tena, kwa sauti, liandikwe. Na kama hatalitamka, nitasukumwa kupitia mlango ule peke yangu. Nilimwona akipima. Nilivua barakoa, nikaita, "Mama."

Nesi alinitazama mimi, akamtazama yeye.

Mama aliachia mguu wangu. Alinyooka kama anayeapa mahakamani. Kwanza alisema kwa Kiingereza, kwa nesi, kwamba yeye ni mama, aandike, Espérance, na akamtajia herufi moja moja. Kisha akageukia upande mwingine, mahali ambapo hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta na beseni la kunawia, akasema kwa lugha yetu: "Umesikia? Mimi njo mama yake. Mimi njo nilimuzaa. Kama iko kitu unatafuta kwa huyu mutoto, anza na mimi."

Nesi aliandika. Tuliingia wodini pamoja.

Jumapili, nikiwa bado kitandani, Madame Freda, aliyekuwa ameelezwa yote na mama kwa simu Jumamosi usiku, alikuja na mfuko wa supu. Alikuwa amezisikia zile simu sita, aliniambia miaka baadaye. Alikaa mezani akizihesabu. Alidhani ni Leon, kwamba kuna jambo Sydney, na aliona fahari kidogo na hofu nyingi kwa kutonyanyuka. Na sheria yao, alisema, ilikuwa inamruhusu, inamlazimisha kabisa kujibu, kama angejua kwamba ni uhai wa mtoto. Hakujisamehe hilo. Siku ile lakini hakusema haya. Mama alimpa sarafu, akaipokea bila ubishi.

"Ulisema mbele ya mashahidi?" alimuuliza.

"Nilisema."

"Ulisema uanziwe wewe?"

Mama akainamisha kichwa. Midomo ya Madame ikacheza kama siku za Ijumaa. Halafu akasema, "Hukupaswa kusema hilo. Mama akishajitaja, amejitaja, malaika hasahau," akamshika mkono, na wakakaa hivyo mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Mwaka uliofuata Madame alihamia Sydney kwa mwanawe. Alipofika huko ndiye aliyekuwa anapiga simu, kila Alhamisi, akiniuliza masomo na kumuuliza mama afya. Rina alipata mtoto hatimaye. Madame alikufa nikiwa mwaka wa pili chuoni, na Leon alituandikia kwamba mpaka Ijumaa yake ya mwisho alikuwa anawasha mishumaa mitano, na walikuwa hawajui wa tano ni wa nani. Niliandika jibu, nikaliandika upya, nikatuma salamu za rambirambi tu.

Mimi kifua hakijanisumbua tena tangu nikiwa na miaka kumi na miwili. Cha mama kilianza mwaka huo huo. Nimesoma vyeti vyake vyote. Ni moshi wa mkaa wa Uvira na dawa za kusafishia vyoo za Durban, miaka thelathini ya vyote viwili, na ningeweza kumchorea mtu yeyote njia iliyopita sumu mpaka mapafuni. Mama husikiliza kwa adabu. Ana dawa ya kuvuta, asubuhi na jioni, ninayomletea mwenyewe kutoka dukani. Anaivuta nikiwa namwangalia. Nisipokuwepo haivuti, najua, kwa sababu nina mazoea ya kupima uzito wa kopo la dawa hiyo.

Niliwahi kumgombeza. Nilimwambia kwamba mtu hafi kwa ukaidi, anakufa kwa kukosa dawa.

"Sifa," alisema, akipumzika katikati ya maneno, "hii iko yangu. Tulishasikilizana na ule malaika. Ukiiondoa kwangu, itaenda wapi? Iko mutoto mwingine ndani ya nyumba."

Mtoto huyo ni binti yangu, ana miaka minne. Nilimjibu mama kwa hasira kwamba ugonjwa hauna miguu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema wazee, na mimi nilidhani naujua na bado nina akili zangu.

Mwezi uliopita binti yangu alipata homa, na siku ya pili akaanza kukohoa. Ilikuwa mafua ya kawaida. Nilimpima, nilimpa dawa, nilijua kabisa ninachotibu. Alasiri nilipita Umbilo kwa mama. Kopo lake jipya lilikuwa kwenye mkoba wangu, maana la zamani lilikuwa limeisha tangu asubuhi. Nilimkuta kitini, ameinama mbele, mikono magotini. Tuliongea. Nilimpikia uji. Mara mbili nilitia mkono mkobani, nikakumbuka kile kikohozi, na mara mbili nikautoa mtupu. Kisha nikamuaga, nikaondoka nalo.

Nilimpelekea siku tatu baadaye, homa ya binti yangu ilipokwisha. Mama alilipokea, akaniangalia, akauliza mtoto yuko aje. Nikamwambia amepona.

"Asante Yesu," alisema, na hakuniuliza kwa nini nimechelewa.